Kitabu cha Ba na Ngozi ya Ndama

Kabla hamjagusa karatasi yoyote humu ndani, nendeni mkaoshe mikono. Hata wewe uliyeoga asubuhi. Sabuni, maji, kisha mikaushe kabisa, maana kidole chenye unyevu huacha alama ambayo hamtaiona leo, mtaiona baada ya miaka kumi kitabu kikianza kuharibika kwenye kona. Mkimaliza, kaeni. Nitawaeleza kwa nini juu ya meza yangu hamtaona mfupa.

Mjalidi yeyote, yaani mfunga vitabu, mtakayemtembelea, awe Nairobi au hapa Garland, Texas, ana mfupa wake wa kukunjia. Ni kipande cha mfupa wa ng'ombe chenye urefu wa kiganja, kimesuguliwa mpaka kikawa laini. Unaupitisha juu ya mkunjo wa karatasi, na mkunjo unalala. Mimi natumia kipande cha mwanzi. Wenye kazi yao wakikiona huniuliza kama nimefilisika. Nilikichonga mwenyewe, kwa haraka, katika wiki ambayo niliogopa kuliko wakati wowote maishani mwangu, na mimi nimewahi kusimama mbele ya afisa wa uhamiaji nikiwa nimesahau makaratasi nyumbani.

Mfupa wangu wa kwanza nilipewa na Mzee Zakayo, fundi mkuu wa kiwanda kidogo cha uchapaji cha misheni kule Kericho. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilijiona najua kila kitu. Wiki ya pili nikabandika majalada ya vitabu arobaini vya nyimbo juu chini. Mzee Zakayo hakunigombeza. Alichukua kimoja, akanikabidhi, akasema hicho ndicho nitakachoimbia kanisani mwaka mzima, tena nikikaa safu ya mbele. Kila Jumapili waumini waliniona naimba nikiwa nimeshika kitabu kichwa chini miguu juu, na mchungaji akazoea. Tangu hapo sijabandika jalada bila kwanza kufungua ukurasa wa kwanza na kuutazama, na nyinyi mfanye hivyo hivyo.

Gundi tuliyotumia ilitokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Ilikuja ikiwa punje za kahawia. Tuliziloweka, kisha tukazipasha katika sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, na haikuruhusiwa kuchemka hata mara moja, kwa sababu ikichemka nguvu inaisha. Ilinuka kwato. Marehemu mke wangu alikuwa akinivua koti mlangoni. Uzuri wake ni kwamba ikiguswa na maji ya moto inalegea, na kitabu kinaweza kufunguliwa salama hata baada ya miaka mia moja, jambo ambalo gundi za siku hizi haziwezi.

Mzee Zakayo alinikataza pia kusoma. Alisema mjalidi akianza kusoma anakosea hesabu ya kurasa, na ni kweli, nilijaribu mara moja nikaruka kurasa kumi na sita. Kwa hiyo nimefunga maelfu ya vitabu na sijui ndani yake mlikuwa na nini. Lakini alilosisitiza zaidi ni kwamba kitabu cha mtu wa heshima hufungwa kwa ngozi ya ndama. Hilo halikuhitaji maelezo. Sisi Wakipsigis tunampenda ng'ombe kuliko tunavyopenda kusema. Mgeni mkubwa alikalishwa juu ya ngozi, na baraka za wazee hazimaliziki bila ng'ombe kutajwa. Ukimpa mtu ngozi nzuri umemwambia kwamba hakuna ulichomnyima.

Basi nikaja Texas na mfupa wangu mfukoni, na kwa miaka ishirini na sita nikafanya kazi katika kiwanda cha kujalidi hapa Garland. Kule mashine ilimeza karatasi upande mmoja na kutoa vitabu upande wa pili, kwa gundi ya plastiki inayoshika kabla hujapiga chafya. Mimi nilipewa meza ya nyuma, karibu na mlango wa mizigo, kwa kazi za mkono: Biblia za harusi, tasnifu, zawadi. Mwenzangu mezani alikuwa Mama Furaha, mwanamke wa Uvira aliyepitia kambi ya wakimbizi kabla ya kufika huku. Alishona kurasa haraka kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona, na mdomo wake nao, kwa Kiswahili cha kwao, haukubaki nyuma.

Katika mwezi wangu wa mwisho kazini akaja Kavita. Alikuwa mfamasia wa Sugar Land, mji ulio mwendo wa saa nne hivi kwa gari kutoka hapa, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, na alikuwa ameandika riwaya ya maajabu. Miaka saba alikuwa akiiandika jioni baada ya kazi. Alinieleza kwa ufupi. Nchi imekauka, na msichana aitwaye Tarini anashuka kisima cha ngazi, vile visima vya India vinavyojengwa kwenda chini, ghorofa baada ya ghorofa, mpaka maji yalipo. Kwenye kila ngazi ameketi yaksha, mlinzi wa hazina za ardhini. Chini kabisa yupo malkia wa managa, nyoka wenye akili ya binadamu na kito kichwani, amejizungushia mto wote na hataki kuuachia. Nilisikiliza kwa adabu tu. Akili yangu ilikuwa kwenye unene wa karatasi.

Kilichonigusa ni aliponiambia hadithi hizo zilitoka wapi. Mama yake, ambaye kila mtu alimwita Ba, neno lao la Kigujarati la mama, alizaliwa Kisumu, na baba yake alikuwa na duka la vitambaa pale mjini. Ba aliwasimulia watoto wake habari za managa na mayaksha kwa Kigujarati, na akifika mahali pa kuchekesha au pa kukasirika anahamia Kiswahili. Naga wa Ba alikaa ndani ya ziwa, kwa sababu maji aliyoyajua ni ya ziwa. Sasa alikuwa mgonjwa, na madaktari walikuwa wameacha kumtibu, wanampunguzia maumivu tu. Alitaka jambo moja. Alitaka kitabu hicho kiwekwe mbele ya madhabahu ya nyumbani kwao, kisha akishike mwenyewe na kukigusisha kwenye paji la uso wake, jamaa wote wakiwapo.

Vitabu vya kawaida vingefungwa na mashine kwa jalada la kitambaa. Cha Ba kingefungwa kwa mkono, na ni mimi nitakayekifunga. Nilimuuliza Kavita anataka kiwe vipi. Alifikiri kidogo, akanijibu kwa Kiingereza chake cha polepole. "Kitengeneze kama ambavyo ungemtengenezea mama yako mzazi."

Vijana, hapo ndipo nilipokosea, ingawa sikujua. Na kulikuwa na dalili. Siku ile ile, nikizungumza naye, nilikanyaga rundo la karatasi zilizochapwa ili zisipeperushwe na feni, kama tunavyofanya kila siku. Kavita alinyamaza katikati ya sentensi. Akainama, akagusa zile karatasi kwa ncha za vidole, akapeleka vidole kwenye paji la uso wake. Mimi nilidhani ameokota kitu. Nikamuuliza kama ameangusha hereni. Akatabasamu, akasema hapana, na akaendelea na maneno yake. Mtu mwenye busara angeuliza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na sita pale kiwandani na niliona aibu kuuliza.

Nilikuwa na ngozi moja ya ndama niliyoitunza miaka kumi na moja, imeviringishwa ndani ya shuka kabatini, nikisubiri kazi inayoistahili. Mama yangu mzazi alifariki bila mimi kumfungia kitabu chochote. Niliitoa. Nikaipunguza unene ukingoni kwa kisu mpaka ikawa kama karatasi, nikakunja kurasa zote kwa mfupa wa Mzee Zakayo, Mama Furaha akashona, nikapaka mgongo gundi ya ng'ombe niliyoipika kwa mkono wangu. Kilipotoka kwenye kibanio nilikishika nikajisifu kimoyomoyo. Ilikuwa kazi yangu bora kuliko zote, na bado nasema hivyo.

Ba aliposikia kwamba aliyekifunga ni mtu wa Kericho alituma ujumbe nikilete mwenyewe. Jumamosi iliyopangwa tuliondoka Garland saa kumi na mbili asubuhi, mimi nikiendesha na Mama Furaha kando yangu. Alikuwa amebeba kitenge kipya cha kumpa Ba zawadi, cha majani ya kijani na maua ya njano. Sherehe ya kukipokea kitabu ilikuwa saa nane mchana. Njiani akachukua nakala moja ya kawaida, ya kitambaa, aanze kusoma kwa sauti ili kuzoeza Kiingereza chake, na akikwama namsaidia. Hivyo ndivyo nilivyosikia kwa mara ya kwanza kilichokuwa ndani ya kitabu nilichokifunga.

Tulipita mji wa Corsicana Tarini akiwa bado kwao. Karibu na mji wa Huntsville akafika kwenye ngazi ya kwanza. Yaksha akamwambia avue viatu, kwa sababu vimetokana na ngozi ya ng'ombe, na ng'ombe ni mama wa kila nyumba, na ngozi ya mama haishuki kisimani. Tarini akavivua, lakini akavificha ndani ya nguo yake. Yaksha akamuuliza mara moja tu: umebeba nini? Naye akasema hakubeba kitu. Maji yakarudi chini kwa ghorofa moja.

Mama Furaha aliacha kusoma. Aliufuata ule mstari kwa kidole mara ya pili, kisha akageuka kutazama kiti cha nyuma, mahali kilipokuwa kitabu cha Ba kimefungwa kwa karatasi nyeupe.

"Papa Koech," akasema, "hapa banasema ngozi ya ngombe haiingiake mu kisima. Na kitabu yetu?"

Nilitoka barabarani kwenye njia ya kwanza niliyoiona, nikaegesha. Nilikumbuka Kavita alivyoinama. Nilimwona Ba, ambaye sijawahi kumwona, akiinua ngozi ya ndama na kuigusisha kwenye paji lake mbele ya madhabahu, siku zake zikiwa zimebaki za kuhesabu. Na mimi ndiye ningekuwa nimempa, kwa mikono miwili, nikitabasamu.

Ilikuwa saa tatu. Kulikuwa na eneo la mapumziko lenye meza za saruji chini ya misonobari, na mimi sisafiri bila kisanduku changu cha vifaa. Nikachemsha maji kwenye jiko dogo la gesi ambalo Mama Furaha hubeba kwa ajili ya chai, maana chai ya dukani haiamini. Nililainisha gundi kwa kitambaa cha moto, nikaanza kuichuna ngozi. Hiyo ni kazi ya siku nzima. Niliifanya kwa saa moja na nusu, na sijui kama nilipumua. Ngozi ilitoka nzima. Mama Furaha, bila kuombwa, akakata nusu ya kile kitenge, akaenda mjini kununua gundi nyeupe ya dukani, tukavika kitabu upya.

Kilitakiwa kikauke chini ya uzito. Mama Furaha alisema yeye ana uzito wa kutosha, atakikalia. Nikakataa, kwa sababu sasa nilishajua maana ya kule kuinama kwa Kavita: kwao kitabu hakikanyagwi wala hakikaliwi. Tukakiweka kati ya mbao mbili na juu yake gunia la mchele aliokuwa akimpelekea shemeji yake anayeishi mtaa wa Alief, karibu na Sugar Land. Watoto wa familia moja iliyokuwa ikila hapo karibu walitutazama muda wote huo, na baba yao akaja kutuuliza kwa upole kama tunahitaji msaada wa daktari.

Ni pale, nikiwa nimekaa nikilinda gunia la mchele, ndipo nilipokumbuka ile gundi ya mgongoni. Ngozi nilikuwa nimeitoa, lakini mgongo wa kitabu, chini ya kitenge, ulikuwa umeshikwa kwa gundi ya ng'ombe mwanzo hadi mwisho. Kuitoa ilikuwa ni kukivunja kitabu chote na kuanza upya, na muda huo hatukuwa nao. Na hata ningekivunja, kila ukurasa ulikuwa umepitiwa na mfupa. Mfupa wenyewe ulikuwa mfukoni mwangu. Nilimwambia Mama Furaha.

"Ile gundi iko mu ndani, nani ataiona?" akasema. "Nyamaza tu, Papa. Ule mama iko karibu kufa. Umuachie furaha yake."

Hakuwa mtu mbaya, na nisingependa mmfikirie hivyo. Alikuwa amezika watu wengi kuliko mimi, na alijua furaha ya mwisho ni kitu gani. Tuliendesha mpaka Sugar Land bila kusoma tena.

Mlangoni kulikuwa na viatu vingi. Nikavua vyangu. Kisha nikatazama mkanda wangu, ngozi tupu, nikauvua nao nikauingiza ndani ya kiatu. Kwa hiyo niliingia nyumba ya watu nimeshikilia kitabu kwa mkono mmoja na suruali kwa mkono wa pili. Kavita alinipokea akiwa amevaa sari ya kijani, amechoka lakini ana furaha, na nikamwomba tuongee jikoni.

Nilimweleza yote. Alifumba macho. Alipoyafumbua alizungumza kwa sauti ile ile ya chini, lakini kila neno lilikuwa gumu. Alisema jamaa wametoka mbali, na mama yake amekuwa akijibakizia nguvu za siku hii, hata dawa ya maumivu ameikataa leo ili asisinzie. Alisema ngozi imeshatoka na hayo mengine hayaonekani. Aliniomba nisiseme kitu. Ilikuwa nyumba yake, na mama yake. Nikaitikia kwa kichwa. Nakiri kwamba niliona nafuu.

Sebuleni palikuwa na watu kama ishirini, wamekaa sakafuni. Taa ndogo ya samli ilikuwa ikiwaka mbele ya madhabahu, na maua ya njano. Ba alikuwa amelala kwenye kitanda cha hospitali kilichoinuliwa upande wa kichwa, mwembamba sana, miwani mikubwa, nywele nyeupe zimesukwa vizuri. Alinipungia mkono nisogee.

"Koech," akasema kwa Kiswahili cha nyumbani kabisa, "mimi nimeuzia watu wenu blanketi. Mlikuwa mnasumbua kwa bei mpaka baba yangu anafunga duka."

Nilicheka, na yeye akacheka, na kwa muda mfupi nikasahau nilichokishika. Kisha akanyoosha mikono. Nikamsogezea kitabu. Vidole vyake vikafika karibu kabisa na kitenge vikasimama. Alikiinamia, akakinusa. Baadaye niliambiwa kwamba baba yake alimfundisha kununua kitambaa kwa pua kwanza, macho baadaye.

"Kitabu yangu imefungwa na nini?" akaniuliza.

Kavita alikuwa nyuma yangu. Sikugeuka, lakini nilijua ananitazama. Nilikuwa nimekubali kunyamaza dakika kumi tu zilizopita. Niliyemfikiria ni yule msichana kwenye ngazi ya kwanza, na viatu ndani ya nguo yake, na kwamba hadithi ile ni ya Ba mwenyewe, aliyeisimulia kwanza ndiye huyu anayeniuliza.

"Nje ni kitenge, pamba tupu," nikasema. "Lakini mgongo una gundi ya ng'ombe, Ba. Na kurasa zote nimezikunja kwa mfupa wa ng'ombe. Na mpaka leo asubuhi jalada lilikuwa ngozi ya ndama."

Mwanamume mmoja asiyejua Kiswahili akamuuliza Kavita nimesema nini, na Kavita hakumtafsiria. Ba alirudisha mikono yake polepole juu ya shuka.

"Kwa nini ngozi?"

"Niliambiwa nikitengeneze kama cha mama yangu mzazi."

Nilitamani anitukane. "Mama yako angefurahi," akasema. Nikamwambia ndiyo, angefurahi sana. "Basi hiyo ni ya mama yako. Enda nayo." Kisha akasogeza miwani, na nikaona binti wa muuza duka wa Kisumu. "Daktari amesema wiki mbili, labda. Wewe unataka siku ngapi kutengeneza ingine?"

"Nane."

"Chukua sita," akasema, na akaagiza watu wapewe chakula.

Kavita alinisindikiza mpaka kwenye viatu. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba kama mama yake ataondoka kabla ya siku sita, atajua ni nani aliyekitoa kitabu mikononi mwake. Alikuwa na haki. Nilivaa mkanda wangu kwenye gari, mbali na mlango wao.

Sasa sikilizeni kazi ilivyokwenda, kwa maana hii ndiyo mnayokuja kujifunza. Kiwandani kulikuwa na karatasi za akiba za riwaya ile, hazijakunjwa. Nilizichukua zote. Jirani yangu ana mwanzi kwenye uzio wake, nikaomba kipande, nikakichonga na kukisugua kwa msasa siku nzima ya kwanza, ndicho hiki. Nilimpigia simu aliyetuuzia karatasi nikamuuliza imetengenezwa na nini, maana nyingine hutiwa gundi ya mifupa, akanihakikishia haina. Nilipiga simu Sugar Land. Kavita hakupokea, akapokea muuguzi, nikamwomba amuulize Ba kuhusu nta ya nyuki tunayopaka uzi. Nilisikia Ba akicheka kwa mbali. Muuguzi akasema nyuki ni sawa, mama anakula asali. Nikauliza na rangi, na mbao za jalada, nikauliza kila kitu, mambo ambayo ningeweza kuyauliza siku ya kwanza kwa dakika tano bila kumuumiza mtu.

Kwa gundi nilipika unga wa ngano. Unauchekecha mara mbili, unaukoroga na maji baridi usibaki na madonge, unapika moto mdogo mpaka ung'ae, kisha unaupitisha kwenye kitambaa. Hushika vizuri sana, lakini hukauka taratibu, na ukiuharakisha mbao zinapinda. Siku ya nne nikauharakisha. Nilikuwa na hofu, nikaweka jalada karibu na feni, na asubuhi ya siku ya tano lilikuwa limepinda. Nikakaa chini sakafuni, mtu mzima, nikalia. Mama Furaha alikuja na ile nusu ya kitenge iliyobaki, akanipa chai, akalichana lile jalada bila kuniuliza, akasema tuanze. Tulianza. Safari hii nililibana, nikaliacha, nikatoka kwenda kutembea ili nisiliguse.

Mchana wa siku hiyo Kavita alituma ujumbe wa maneno matatu, kwamba Ba ameacha kula.

Siku ya sita tulifika kabla ya saa sita mchana. Kavita mwenyewe ndiye aliyefungua mlango. Alinitazama mikononi. Nilikuwa nimekuja na viatu vya turubai na kamba kiunoni, akaiona ile kamba, na mdomo wake ukalegea kidogo. Sebuleni safari hii palikuwa na watu watatu tu. Taa ya samli ilikuwa inawaka. Ba alikuwa amefumba macho, hana miwani, na pumzi yake ilikuwa na mwanya mrefu kati ya moja na nyingine. Nilisimama na kitabu nikajua nimechelewa.

Kavita alikichukua, akakiweka kwanza mbele ya madhabahu kama ilivyopangwa, kisha akakileta akakisogeza karibu na uso wa mama yake. Kwa muda hapakuwa na chochote. Halafu nikaona pua yake ikitikisika. Alinusa mara moja, akapumzika, akanusa tena.

"Unga," akasema Ba.

Kavita akauinua mkono wa mama yake akauweka juu ya jalada, na vidole vikakikamata. Alikivuta mwenyewe, polepole sana, mpaka kikagusa paji la uso wake, na akakiacha hapo. Alikaa nacho hivyo mchana ule wote. Hakuna aliyethubutu kukitoa, hata muuguzi alipokuja kubadilisha mashuka alizungukia upande wa pili.